Nyumba ya kiwandani: vioo vinatoka jasho, mtoto anakohoa. Feni niiwashe au niiache?

Mama Salma
Habarini ndugu zangu mlioko Marekani. Mwezi wa nane tulihamia nyumba mpya iliyojengwa kiwandani, ile inayokuja vipande viwili ikaungwa katikati, futi za mraba 1,600. Makabati ya jikoni yalikuwa yakinuka gundi, nikasema harufu itaisha yenyewe. Sasa baridi imeingia, madirisha hatufungui, na kila asubuhi nafuta vioo kwa taulo mpaka linalowa. Juzi nilivuta kabati la nguo la Salma lililoegemea ukuta wa nje, nikakuta nyuma yake kumeota ukungu mweusi. Ana miaka sita. Usiku anakohoa na macho yanamwasha, akishinda shule anapata nafuu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Chumba cha kufulia kina feni darini, ikiwaka inavuma usiku kucha na baridi inaingia. Niliizima tangu mwezi wa kumi. Nimekosea, au nyumba hizi ndivyo zilivyo?

Shangazi M.
Pole sana mwanangu. Mimi harufu ikinishinda nafunga milango, nachoma udi. Jaribu.

Fundi wa Hewa
Dada, leo kabla hujalala iwashe hiyo feni. Tazama swichi yake, inatakiwa iwe na kibandiko cha kudumu kilichoandikwa "Whole-House Ventilation". Ndiyo inayobadilisha hewa ya nyumba nzima. Nyumba hizi zina kanuni zake za HUD, wizara ya nyumba ya serikali kuu, tangu Juni 1976, na sharti la feni hiyo lilianza kutumika 1994. Hesabu yake ni futi za ujazo 0.035 za hewa kwa dakika kwa kila futi ya mraba ya sakafu, isipungue 50 wala isizidi 90. Kwako inakuja 56. Si hewa nyingi, lakini ukiizima huna nyingine, maana kuta na madirisha yamebana. Mnapika, mnaoga, mnapumua humo humo, na mvuke wote unatafuta mahali penye baridi utulie. Ndiyo vioo vyako, na ndiyo nyuma ya kabati la Salma.

Harufu ya gundi nayo imo katika habari hiyo hiyo. Mbao zilizoshindiliwa kwa gundi hutoa fomaldehaidi, gesi inayowasha macho na koo, na joto pamoja na unyevu huifanya itoke kwa wingi. Baada ya kimbunga Katrina cha 2005 watu waliwekwa kwenye trela za serikali wakaanza kulalamika kama unavyolalamika. CDC, taasisi ya afya ya serikali kuu, ilipopima makazi hayo 519, kati ya Desemba 2007 na Januari 2008, wastani wa fomaldehaidi ulikuwa sehemu 77 kwa kila sehemu bilioni za hewa. Sheria ya 2010 ilileta viwango vikali kwa mbao za aina hiyo, kwa hiyo zako zina nafuu, ila nafuu si sifuri. Ukishusha unyevu unapunguza na hiyo. Nunua kipima unyevu, lenga asilimia 30 hadi 50.

Shangazi, samahani, udi ndani ya nyumba iliyofungwa ni moshi tu, na kifua cha mtoto huyu hakiutaki.

Halafu pima feni yenyewe. Bandika karatasi ya chooni kwenye uso wake; ikianguka, feni inapiga kelele bure, isafishe vumbi. Ile ya juu ya jiko fanya hivyo hivyo, kisha toka nje uone kama hewa inafika kweli. Na kama jiko ni la gesi, usipashe nyumba joto kwa oveni hata siku moja, na uwe na kengele ya kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Mtoto mpeleke kwa daktari, umwambie habari ya ukungu.

Babu Rajabu
Chungulia na chini ya nyumba, binti yangu. Mimi bomba la mashine ya kukaushia nguo lilichomoka, likawa linamwaga mvuke wote ndani ya sketi ya nyumba, ule uzio unaoziba chini yake. Miezi minne nafuta vioo, kumbe nilikuwa nachemsha maji chini ya kitanda changu.

Mama Salma
Nimerudi, siku ya tisa leo. Feni haijazimwa. Kipima unyevu kilianza na 68, asubuhi hii kimesoma 47, na vioo vinalowa pembeni tu. Baba Salma aliingia chini na tochi: bomba liko sawa, Babu, asante, lakini nailoni iliyotandikwa juu ya udongo kuzuia unyevu imechanika upande mzima wa chumba cha mtoto, na ardhi pale ni matope. Jumamosi anaweka mpya. Kwenye feni ya jikoni karatasi ilianguka papo hapo; chujio lilikuwa limeganda mafuta.

Ukungu nimeuosha kwa maji na sabuni, kabati nimelisogeza mbali na ukuta. Daktari amemsikiliza kifua, tunarudi baada ya wiki mbili. Jana aliamka mara moja tu.

Fundi, mlango wa chumba chake tunaufunga usiku na chini haupitishi hata kidole. Hewa inamfikaje?

Fundi wa Hewa
Haimfiki vizuri. Muachie mlango wazi leo. Baadaye mukate chini yake, upana wa kidole gumba unatosha.