Steji za Nairobi hazina vibao, mgeni akiuliza anapandishiwa nauli! Mpaka lini?

Wadau, leo nitasema na anayenuna anune. Kaunti inatoza kila matatu ada ya maegesho mwezi baada ya mwezi, halafu ukifika stejini hukuti hata ubao wa kukwambia gari hili laenda wapi, lapitia wapi na nauli yake ni ngapi. Yote yamo kichwani mwa makanga, na makanga hana haja ya kukwambia ukweli kabla hujakaa.

Mimi ni mtu wa Pwani, kazi ndiyo iliyonileta huku. Adui yangu wa kwanza ni mdomo wangu. Nikisema tu "samahani ndugu yangu, magari ya Rongai yako wapi?" nimeshajulikana nilikotoka, na kwamba ni mgeni. Jirani yangu kitini analipa yake, mimi natajiwa nyingine, na nikihoji naambiwa mvua imenyesha. Mvua gani, na jua lote hili? Siku hizi nanyoosha noti kimya, na chenji nitakayorudishiwa ndiyo inayonijulisha nauli.

Majina nayo! Waambiwa gari liko Odeon, unatafuta sinema, kumbe sinema ilishakufa zamani. Globe vilevile. Thika Road kuna steji ya Drive-In, ya sinema iliyokuwa ikitazamwa ndani ya gari, na vijana wanaoshuka pale hawajawahi kuiona. "Tukutane Hilton", na hoteli ya Hilton ilifunga milango mwisho wa 2022. "Ukifika Nakumatt kata kushoto", na Nakumatt, yale maduka makubwa, wadai wake walipiga kura ivunjwe Januari 2020! Wenyeji hamwoni tabu kwa sababu vikifa mlikuwapo. Sisi tuliokuja juzi tunaelekezwa kwa marehemu.

Pale palipobadilishwa jina rasmi, ni kinyume chake. Ramani inasema Professor Wangari Maathai Road, jina la tangu 2016. Makanga anaita Forest Road. Nilisimama kando ya barabara hiyo nikiulizia Forest Road iko wapi, na niliyemwuliza akanitazama kama nimelewa.

Nambari za njia zingetuokoa, maana zina mpango: 111 ni Ngong, 125 na 126 ni Rongai, 58 Buruburu. Lakini zitazame nganya, matatu zilizorembwa. Ubavu mzima umechorwa wanamuziki na wachezaji mpira, nambari yenyewe ni kikaratasi kwenye kona ya kioo cha mbele. Na hata nambari yahitaji mtu wa kukufafanulia. Githurai 44 na Githurai 45 zilipata majina kwa nambari za matatu, moja huku na moja ng'ambo ya Thika Road. Ukiambiwa "shuka Githurai" bila nambari, basi ujue una daraja la kupanda na mizigo yako.

Kuuzwa ndiko kunakoniudhi kuliko yote. Umelipa mpaka Rongai, mkifika Bomas gari lina watu wachache, makanga anampungia mwenzake wa nyuma: "Ingieni hiyo, mmelipiwa." Unaingia hiyo, na wa hiyo anadai hajapewa kitu. Mwenyeji atagomba na kusaidiwa na gari zima. Mgeni atalipa tena, kwani la kwanza limeshageuza na hata jina la sacco, chama cha wenye matatu, hakulisoma.

Najua mtakalonijibu: "Tumia simu." Nitoe simu Mtaa wa Tom Mboya jioni nisome ramani, inyakuliwe? Wenyeji wenyewe nawaona wakiingia dukani kwanza ndipo wapokee. Na askari wa kanjo, yaani wa kaunti, ukimwuliza anakunyooshea mkono, "pale mbele". Pale mbele ni wapi, kaka, mtaa mzima u mbele yangu!

Wala msiniambie kazi hii haiwezekani. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao wa MIT na Columbia walitoka na ramani ya njia za matatu za jiji hili, imechorwa kwa rangi kama ya treni za Ulaya. Imeshachorwa, bwana! Kilichobaki ni kuichapisha kubwa na kuibandika kwenye steji za Railways, Kencom, Muthurwa na Ngara. Nguvu za kufukuza matatu tunazo: Desemba 2018 zilikatazwa kuingia katikati ya jiji, watu wakatembea kwa miguu, wazee na wajawazito, na amri ikasitishwa upesi. Nguvu za kupigilia ubao msumari ndizo hatuna?

Mombasa si peponi, msianze. Nauli za Likoni nazo huruka zipendavyo. Lakini mji ule ni mdogo, ukipotea utatokea baharini.

Haya, matusi yawekeni hapo chini, lakini kati yake mtu anisaidie. Jumatatu natakiwa mtaa wa Utawala saa mbili asubuhi. Magari yanapakia wapi, na nauli ya asubuhi bila mvua ni ngapi? Nitajieni jengo ambalo bado limesimama na lina jina lake ukutani.