Naomba ushauri: kupata nafasi ya mafunzo kwenye ofisi za mawakili wa biashara hapa Dar

Binti_Kimara

Wakuu habari za jioni. Walionizidi umri, shikamooni.

Nimemaliza Shule ya Sheria pale Sinza, nimefaulu, nasubiri taratibu za kuapishwa zikamilike. Shahada niliichukulia Mzumbe. Fildi nilifanya kwa wakili mmoja Manzese, ofisi ndogo tu, kazi zake nyingi ni mirathi, migogoro ya viwanja na watu waliokopa wakashindwa kurejesha. Yule mzee amenilea kikazi na namshukuru. Ila moyo wangu uko kwenye sheria ya biashara. Tangu tulipofundishwa Sheria ya Makampuni nimekuwa nikisoma taarifa za kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa kama wenzangu wanavyosoma habari za Simba na Yanga.

Nimetuma barua na CV kwenye ofisi nyingi, kuanzia Posta, Upanga hadi Masaki. Wengi hawajibu kabisa. Wachache wamejibu kwamba wataniweka kwenye kumbukumbu zao.

Nikitafuta mwongozo mtandaoni naletewa video za vijana wa London. Wanasema omba miaka miwili kabla, subiri dirisha la maombi lifunguliwe, anza na mafunzo ya likizo. Nimetafuta madirisha hayo kwenye ofisi za hapa, sijayaona.

Naomba mnisaidie: barua aandikiwe nani hasa? Je, fildi ya Manzese inanishusha? Na wakiniambia nije bila malipo, nikubali? Mama anauza vitenge Kimara Mwisho, ndiye anayenipa nauli mpaka leo, na wadogo zangu wawili bado wako shule.

Mpambanaji_Ilala

Dada pole. Mimi nasema ukweli ninaoujua: zile ofisi kubwa watu wanaingia kwa kujuana. Mtoto wa mteja, mtoto wa jaji, mtoto wa mkurugenzi. Omba serikalini, subiri matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, utapata usaili wa haki.

Wakili_Upanga

Binti_Kimara, marahaba. Mimi ni wakili, nina zaidi ya miaka kumi kwenye ofisi ya sheria za biashara hapa Upanga, na maombi ya vijana yakifika yanapitia mezani kwangu kabla hayajaenda kwa wabia. Nitaandika kwa urefu maana jambo hili linaniuma. Kila mwaka naona watoto wenye uwezo wakiachwa kwa sababu ya barua ambayo haisemi kitu.

Kaka wa Ilala, kujuana kupo, sitakataa. Lakini anayeletwa na mjomba mara nyingi anakaa wiki chache anaondoka. Faili la mkopo wa benki likiingia Alhamisi na mteja anataka majibu Jumatatu, tunamtafuta mtu anayeweza kazi. Huyo ndiye anayebakishwa.

Sasa, achana na kalenda ya London. Kule kijana hupewa mkataba wa mafunzo wa miaka 2 ndani ya kampuni, na kampuni kubwa huwachagua watu mapema sana, ndiyo maana kuna madirisha. Hata wao mambo yanabadilika, tangu 2021 wameanzisha mtihani mpya wa kuingia kwenye taaluma. Kenya wana miezi 6 ya kukaa chini ya wakili. Kwetu njia inapita Sinza: Shule ya Sheria ilianzishwa kwa sheria ya 2007, fildi iko ndani ya mafunzo yenyewe, ukifaulu unapeleka maombi kwa Jaji Mkuu, unaapishwa. Hakuna ofisi inayolazimika kukuchukua baada ya hapo. Nafasi inazaliwa siku ofisi inapozidiwa: wakili mdogo ameondoka kwenda kusoma, au benki imeleta mikopo mitatu kwa mpigo. Siku hiyo mtu anafungua barua pepe na kutafuta jina analolikumbuka. Ndiyo maana barua moja iliyotumwa Januari na kuachwa haifiki popote. Andika, kisha baada ya wiki tatu hivi andika tena ukiwa na kitu kipya cha kusema.

Kuhusu nani aandikiwe. Usiandike kwa "Mkurugenzi" wala "Yeyote anayehusika". Tovuti za ofisi zinaonyesha mawakili wao na kila mmoja anafanya nini. Kuna orodha za kimataifa kama Chambers Global zinazotaja ofisi za Tanzania na maeneo yao, zinasomeka bure. Hapa Dar kuna ofisi za wenyeji, na kuna zilizo ndani ya majina makubwa ya nje kama Bowmans, Clyde & Co na Dentons. Chagua chache. Tafuta wakili anayefanya kazi unayoitaka, mwandikie yeye kwa jina, na nakala kwa afisa rasilimali watu kama yupo. Barua kwa ofisi kumi ulizozisoma vizuri ina nguvu kuliko barua moja iliyosambazwa mji mzima, na sisi tunaiona tofauti hiyo kwenye mistari mitatu ya kwanza.

Sasa Manzese. Mdogo wangu, usiifiche hiyo fildi! Umesema watu waliokopa wakashindwa kurejesha. Hiyo ndiyo sheria ya dhamana, umeiona upande ambao vijana wetu wengi hawajawahi kuuona. Wanajua kuandaa hati ya rehani, ila hawajawahi kukaa na mama anayelia kwamba nyumba imewekwa rehani bila yeye kuambiwa. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka ridhaa ya mwenzi pale rehani inapogusa nyumba ya ndoa, na benki zimeingia kwenye kesi ndefu kwa kupuuza karatasi hiyo moja. Mtu aliyeliona hilo Manzese ataniulizia ridhaa kabla sijamkumbusha. Namhitaji mtu huyo.

Nikupe mfano wa swali ninaloliuliza kwenye usaili, wala si siri. Kampuni ya Kitanzania inakopa benki, inaweka rehani kiwanja chake cha Mbezi Beach. Nini kinasajiliwa, wapi, na lini? Wengi wanasema kwa Msajili wa Hati, wanaishia hapo. Jibu lina nusu ya pili: kwa kuwa mkopaji ni kampuni, dhamana hiyo inasajiliwa na BRELA pia, yaani wakala wa serikali unaosajili kampuni, ndani ya siku 42 tangu itolewe, kwa mujibu wa Sheria ya Makampuni ya 2002. Siku zikipita, kampuni ikifilisika, mfilisi anaweza kuikataa dhamana hiyo na benki ikabaki inapanga foleni na wadai wasio na dhamana. Mkopo wa mabilioni unaweza kuponzwa na kalenda. Na jua kwamba atakayepewa kuhesabu siku hizo ni wewe, uliye mdogo kuliko wote ofisini.

Kazi zako za mwanzo zitakuwa hizo hizo. Upekuzi wa hati ardhi. Upekuzi wa kampuni kwenye mfumo wa BRELA: wakurugenzi ni nani, hisa ziko kwa nani, taarifa za wamiliki manufaa, yaani watu wanaonufaika na kampuni kwa kweli, zimewasilishwa au la. Kusajili mashauri kwenye mfumo wa kielektroniki wa Mahakama. Kusoma mikataba mia moja ya kampuni inayouzwa na kuandika kwenye jedwali ni ipi inavunjika umiliki ukibadilika. Inachosha, lakini ndimo sheria ya biashara inamoishi, na anayeifanya kwa umakini anaaminiwa haraka.

Mambo mawili yanayonifanya niweke CV pembeni mara moja. La kwanza ni majina ya wateja. Kijana anaandika "nilimshughulikia bwana fulani kwenye kesi yake na benki fulani", akidhani ananionyesha uzoefu. Ananionyesha kwamba siri za wateja wangu zitakuwa kwenye CV yake ijayo. Andika aina ya kazi, acha jina. La pili ni sheria zilizopitwa. Urekebu wa Sheria, Toleo la 2023, yaani sheria za nchi zilizochapishwa upya pamoja na marekebisho yake, umeanza kutumika Julai 2025. Ukininukulia Toleo la 2002 kwenye sampuli ya maandishi yako, najua umenakili kwenye hukumu ya zamani bila kufungua sheria yenyewe. Hukumu zisome TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, ni bure. Anza na za Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu, iko tangu 1999, humo utapata mikopo, hisa, ufilisi, kila kitu.

Lugha: tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama kisheria, na nafurahi sana, mteja anaelewa kesi yake. Lakini mikataba ya benki na wawekezaji bado inakuja kwa Kiingereza. Sampuli moja kwa Kiingereza, kurasa mbili, iliyosahihishwa na mtu mwingine.

Na malipo. Uliza mapema na kwa adabu: mafunzo ni ya muda gani, kuna posho ya nauli na chakula, nani atakuwa msimamizi wangu. Omba waandike, hata kwa barua pepe. Ofisi isiyotaka kuandika tarehe ya mwisho itakutumia mpaka uchoke. Mama anayeuza vitenge asibebe gharama za ofisi inayotoza wateja wake kwa saa. Nalisema hilo hata kwenye vikao vyetu.

Afisa_Sheria_Benki

Wakili amemaliza. Naongeza dogo. Sheria ya biashara haiko kwa mawakili peke yao. Mimi niko idara ya sheria ya benki hapa Posta, nilianza kama mwanafunzi wa mafunzo kazini. Tunaona mikataba yote inayokwenda kwa hizo ofisi za Upanga na Masaki, tunajua ipi imeandaliwa vizuri. Kampuni za bima na simu nazo zina idara za sheria, na BRELA, Tume ya Ushindani na TRA wana wanasheria wao. Pia jisajili na TaESA, Wakala wa Huduma za Ajira, wanaratibu mpango wa serikali wa mafunzo kazini kwa wahitimu. Ukikaa mwaka mmoja benki, ukiomba ofisi ya mawakili unaenda ukiwa unajua mteja anataka nini.

Ukiitwa usaili Masaki, mwendokasi ya Kimara inayokwenda Morocco itakushusha, pale unachukua daladala ya Masaki. Ila asubuhi ondoka mapema sana, ile barabara ya Kinondoni usiiamini.

Binti_Kimara

Jamani nashindwa niwashukuruje. Dada wakili (au kaka, samahani), nimeandika upya aya ya kwanza usiku huu. Naiweka kwa Kiswahili ili wote waone, nitaitafsiri mwenyewe:

"Naomba nafasi ya mafunzo katika ofisi yako yenye sifa njema. Nina shauku kubwa na sheria ya biashara na ni mchapakazi. Nilifanya fildi Manzese ambako nilijifunza mambo mengi kuhusu mikopo na rehani, na naamini nitakuwa na mchango mkubwa."

Wakili_Upanga

Ni dada. Umeanza vizuri, Manzese imetoka mafichoni. Ila "sifa njema", "shauku kubwa", "mchapakazi", "mchango mkubwa" viondoe vyote, kila mtu anaviandika. Weka ulichokifanya kwa mikono yako. Nitajaribu, wewe urekebishe nilipokosea maana fildi niliyoisoma ni ya kwako:

"Nakuandikia kwa sababu kazi yako ni dhamana za mikopo. Katika fildi niliandaa utetezi katika mashauri ambayo mwenzi alipinga rehani kwa kukosa kuridhia, na nilifanya upekuzi wa hati za viwanja husika. Nimeambatanisha maelezo ya kurasa mbili kuhusu ridhaa ya mwenzi katika rehani, kwa kutumia Toleo la 2023. Nimefaulu Shule ya Sheria na nasubiri kuapishwa. Naweza kuanza wiki ijayo."

Kama hukuandaa utetezi bali ulimsaidia mzee kuuandaa, andika ulisaidia. Nitakuuliza kwenye usaili na nitajua.

Hayo maelezo ya kurasa mbili yaandike kabla ya kutuma chochote. Chukua hukumu tatu za TanzLII, mbili benki imeshinda na moja imeshindwa, ueleze benki ile ingefanya nini siku ya kusaini. Mpe yule mzee wa Manzese ayasome kwanza, na muombe awe mdhamini wako kwenye CV, namba yake ya simu iwepo. Wakili aliyekaa na wewe kila siku namwamini kuliko profesa aliyekufundisha ukiwa katikati ya wanafunzi mia tatu.

Tuma Jumanne au Jumatano asubuhi. Ijumaa jioni barua inazama chini ya za wikiendi. Ukikwama kwenye hukumu, uliza hapa hapa, nitajibu nikitoka mahakamani.

Binti_Kimara

Nilisaidia kuandaa. Nabadilisha neno hilo sasa hivi. Hukumu mbili nimeshazipata, natafuta ya tatu.