Tupeane uzoefu: fanksheni za JavaScript zilikutesea wapi ulipoanza?

Wakuu, habari za jioni. Huku Dodoma upepo umetufungia ndani, nikasema tukumbushane machungu. Naanza mimi.

Mwaka juzi nilimtengenezea shangazi ukurasa wa mtandaoni wa kuuzia zabibu, hesabu zake kwa JavaScript, lugha ya kuandikia programu za kurasa. Anakaa Nkuhungu, shamba liko Hombolo. Hesabu ya kilo mara bei niliiandika sehemu saba, kila kitufe na ya kwake. Bei ikapanda kutoka 3000 hadi 3500, nikabadilisha sita. Mteja wa Singida akaangukia ile ya saba, akang'ang'ania bei aliyoiona. Shangazi akamuuzia hivyo hivyo, huku akiniangalia mimi.

Kijana mmoja wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) akanionyesha fanksheni, yaani kazi unayoiandika mara moja na kuipa jina:

function bei(kilo) {
  return kilo * 3500;
}

Hapo umeiandika tu, haijafanya kitu. Inaamka ukiiita: bei(4), inakupa 14000. Iite popote unapotaka. Bei ikipanda unagusa sehemu moja. Kilichonichelewesha miezi yote hiyo ni jina lake, nilidhani ni zile hesabu za kidato cha tatu.

#2
Mkuu umenikumbusha mbali. Mimi ni mabano. Nilitaka mtu akibonyeza kitufe, fanksheni yangu ya hesabu ifanye kazi. Niliandika:

kitufe.addEventListener("click", hesabu());

Ukurasa ukifunguka tu, jibu hilo hapo. Ukibonyeza kitufe, kimya. Nimekesha nikijua kitufe ndicho kibovu. Kumbe mabano ni amri ya "fanya sasa hivi". Pale unaacha jina tupu, hesabu, brauza iiite yenyewe mtu akibonyeza.

#3
undefined, yaani fanksheni haikurudisha jibu. Hilo neno nimeliona mpaka likawa ndugu. Nilikuwa naweka console.log, amri ya kuonyesha kitu tu, ndani ya fanksheni, naona jibu kwenye kioo, nadhani nimelirudisha. Ni kama umemtuma mtoto chumvi, kanunua, kawaonyesha wenzake pale dukani, karudi nyumbani mikono mitupu. Weka return, ndiyo inayorudisha jibu. Na wanaoanza msikimbilie zile fanksheni za mshale, zinazoandikwa kwa alama =>, zilizoingia 2015, hata kama kila video inazitumia. Zishikeni kwanza hizi za neno function.

#4
Nyie mna afadhali. Mimi nilikuwa nauza mafuta ya alizeti ya Kibaigwa. Lita 4 kwa 6000, sawa, 24000. Jumlisha 2000 ya bodaboda, mteja akaletewa 240002000. Milioni mia mbili na arobaini na elfu mbili, kwa mafuta ya kupikia!

Kinachoandikwa kwenye kisanduku cha ukurasa kinaingia kama maandishi, si namba. Alama ya kuzidisha inakigeuza yenyewe, ndiyo maana lita hazikunisumbua. Alama ya kujumlisha inabandika tu kimoja nyuma ya kingine. Siku hizi kabla ya kuipa fanksheni chochote nakipitisha kwanza: Number(nauli).

#5
Tuache utani, mleta mada, yule wa Singida alirudi?

#6
Alirudi, mkuu. Anataka kilo 40 kwa 3000, na picha ya ukurasa anayo kwenye simu.