Mnaotuelekeza kuweka mfumo wa Linux pembeni ya Windows, kwa nini hamtaji BitLocker, ile kinga ya Windows inayofunga diski kwa ufunguo?

Wakuu, nina hasira na leo nazitoa hapa.

Nilifuata mwongozo wa mtu anayejiita mtaalamu. Andaa flashi, punguza patisheni (sehemu ya diski) ukiwa ndani ya Windows, ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka) uzime Secure Boot (ulinzi unaokagua mfumo kabla haujawaka), weka Linux, umemaliza. "Windows yako haitaguswa," kaandika. Linux ikakaa vizuri kabisa. Kurudi Windows, nakuta skrini ya bluu inadai ufunguo wa tarakimu 48!

Ufunguo gani? Sijawahi kufunga chochote kwenye mashine hii. Kumbe kompyuta nyingi za sasa hujifunga zenyewe pale unapoingia na akaunti ya Microsoft, na ufunguo unabaki kwenye akaunti hiyo. Akaunti ya mashine yangu iliundwa na aliyeniandalia mashine, na simu yake haipatikani. Ukizima Secure Boot, mashine inahesabu kwamba imechezewa, basi inagoma kufungua diski. Kazi zangu za miaka minne zimo mle. Siku mbili sijalala, nimefikia hatua ya kutaka kufomati kila kitu.

Aliyeniokoa ni mdau mmoja kwa sentensi moja: rudisha Secure Boot, kisha iwashe Windows moja kwa moja kutoka menyu ya BIOS, usipitie GRUB (menyu ya Linux ya kuchagua mfumo). Ikafunguka. Sentensi moja tu!

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba sikuwa na haja ya kuizima. Ubuntu na Fedora, ambazo ni aina za Linux, zinawaka Secure Boot ikiwa imewashwa, miaka mingi sasa. Watu wananakili maelekezo ya zamani bila kuyajaribu, halafu sisi ndio tunaopoteza faili.

Fast Startup nayo (mpangilio wa Windows wa kuwaka haraka) hawaigusii. Unadhani umezima Windows, kumbe imelala tu, ukienda Linux diski ya Windows inasomeka lakini haiandikiki. (Saa kupishana kati ya mifumo miwili naisamehe, haiui mtu.)

Ndugu zangu mlioandika miongozo hiyo, rudini mkairekebishe leo. Mstari wa kwanza kabisa uwe huu: fungua Command Prompt (dirisha la Windows la kuandika amri) kama msimamizi, andika manage-bde -protectors -get C: na unakili zile tarakimu 48 kwenye karatasi. Flashi ije baada ya hapo.