Ushauri: matembezi ya hisani Arusha hadi Moshi kwa mguu bandia, kwa kumbukumbu ya mama

Mstaafu wa Meru (mwanzisha uzi):
Ndugu wanajamvi, salaam. Mimi ni mwanajeshi mstaafu niliyepoteza mguu wa kushoto, chini ya goti, nikiwa katika jukumu la kulinda amani mashariki mwa Kongo, na sasa natembea kwa mguu bandia niliotengenezewa bila kutoa hata senti moja. Marehemu mama yangu naye alikatwa mguu, ila yeye kwa sababu ya kisukari: kidonda kidogo cha kidoleni, ambacho hakukisikia kwa kuwa nyayo zilikwisha kufa ganzi, kiliachwa mpaka kikaoza. Mguu bandia hakuupata. Miaka yake ya mwisho aliimaliza akisubiri mtu wa kumshika mkono ili afike uani.

Nakusudia kutembea kutoka Arusha hadi Hospitali ya KCMC mjini Moshi, takribani kilomita 80, nichangishe fedha za miguu bandia kwa wagonjwa wasio na uwezo. Nimeichagua KCMC kwa sababu hapo ndipo kilipo chuo cha TATCOT, ambacho tangu mwaka 1981 kinafundisha wataalamu wa viungo bandia. Naomba ushauri kuhusu mwendo, utunzaji wa fedha, na jambo linalonielemea kuliko yote: kaka yangu mkubwa anasema kulitembeza jina la mama barabarani ili kuomba fedha ni kumdhalilisha marehemu.

Fundi wa Karakana:
Pole, mkuu, na Mungu ampumzishe mama. Nimefanya kazi ya viungo bandia, hivyo nitazungumzia kigutu tu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki baada ya kukatwa. Kitakachokukwamisha si pumzi wala misuli, ni ngozi. Kadiri siku inavyosonga kigutu hunywea, soketi, yaani kikombe cha mguu bandia kinachoshika kigutu, hulegea, mguu huanza kucheza ndani, na jasho likiongezeka ngozi huchubuka. Ikishachubuka itakubidi uvue mguu kwa siku kadhaa, na safari itakuwa imeishia hapo. Beba soksi za kigutu za unene tofauti, pumzika mara kwa mara uvue, ukaushe, uongeze soksi kabla hujasikia maumivu. Soketi ikaguliwe miezi kadhaa kabla ya safari, si wiki ya mwisho, kwa maana soketi mpya nayo huhitaji kuzoeleka.

Ningekuwa wewe ningeigawa safari katika siku nane au kumi, nikitembea asubuhi tu, na jioni gari linirudishe pa kulala. Hakuna aliyesema lazima ufike kwa siku tatu. Epuka masika; Juni hadi Agosti kuna baridi ya kutosha.

Afande Mstaafu:
Sheria inataka taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo husika, angalau saa 48 kabla ya mkusanyiko au maandamano. Nawe utavuka mikoa miwili, kwa hiyo usipeleke barua Arusha ukadhani Hai na Moshi wamekwisha kujua. Tembea upande wa kulia ili uyaone magari yanayokuja, na uwe na gari la kukusindikiza, kwa sababu kati ya Usa River na Boma Ng'ombe mabasi hayana subira. Sare ya jeshi iache nyumbani, hata kama uliivaa kwa heshima.

Kuhusu fedha, namba yako ya simu isionekane kwenye bango lolote. Anza na barua ya hospitali inayokubali mchango na kutaja akaunti yake, kisha wachangiaji waweke humo moja kwa moja.

Nesi wa Kliniki ya Sukari:
Naomba nitofautiane kidogo na lengo lenyewe. Kwa maelezo yako, mama hakuanza kwa kukosa mguu bandia. Alianza kwa kidonda ambacho hakuna aliyekiona. Kukagua nyayo kila jioni, viatu vinavyomtosha mgonjwa na kuwahi kliniki hugharimu kidogo sana ukilinganisha na kukatwa mguu. Tenga sehemu ya fedha kwa kazi hiyo, na kila kituo utakachopumzika wape watu elimu hiyo. Wewe watakusikiliza kuliko sisi tunaowasubiri hospitalini.

Mzee wa Machame:
Mwanangu, kaka yako simlaumu. Inaonekana umempelekea uamuzi, hukumpelekea shauri. Mama ni wa nyote, na ugonjwa wake ulikuwa siri ya nyumba hiyo. Rudi kwake kabla ya bango kuchapwa, umuulize nini kitajwe na nini kibaki ndani, hata ikibidi picha ya mama isitumike kabisa. Yeye ndiye aongoze kamati ya fedha. Akikataa tena, tembea kwa ajili ya wagonjwa bila kutaja jina, kwani anayetembea atajua moyoni anatembea kwa ajili ya nani.

Mstaafu wa Meru:
Nawashukuru nyote. Mzee, shikamoo, umeniambia ambalo hata mke wangu alilizungukazunguka. Nitakwenda kwa kaka kabla sijaandika barua yoyote, na hoja ya nesi kuhusu nyayo ndiyo nitakayotanguliza, kwa sababu kaka mwenyewe ana sukari na hapendi kuvua viatu mbele ya watu. Fundi, soketi yangu imekwisha kulegea hata kwa mwendo wa sokoni na kurudi: niongeze soksi tu, au ni dalili kwamba napaswa kupimwa upya?

Fundi wa Karakana:
Ukihitaji soksi nyingi kuijaza soketi tangu asubuhi, pimwa upya. Usisubiri kaka akubali ndipo uende.