Grupu la WhatsApp la chama cha bustani limekuwa kimya, tufanyeje?

Kitalu_Ars

Wakuu, habari za leo.

Chama chetu cha bustani za nyumbani kiko Arusha, wanachama 86. Wengi wanalima nyuma ya nyumba: mchicha, figiri, sukuma wiki, nyanya, na wengine kwenye viroba barazani. Tunakutana mara moja kwa mwezi, siku nyingine zote tunategemea grupu la WhatsApp. Wanaoandika ni wale wale saba au nane. Mtu akiuliza "nyanya zangu zinakauka, nifanyeje?" ama hajibiwi, ama anatajiwa dawa tano na watu watano. Hapo katikati zinapita salamu za asubuhi na matangazo ya viwanja. Kuhimiza tumehimiza sana. Je, nini kinamfanya mwanachama ashiriki? Na wazee wetu wenye vitochi, simu ndogo zisizo na WhatsApp, tuwafikieje?

Mnavu_Mweusi

Mkuu, anzeni na namna ya kuuliza. Nyanya "kukauka" kunaweza kuwa mnyauko bakteria, mnyauko fuzari (wa ukungu), minyoo fundo ya mizizini au kiu tu. Anayejua hawezi kujibu bila kuona, kwa hiyo ananyamaza, na nafasi inajazwa na anayebahatisha.

Wekeni kanuni ya picha tatu: mmea mzima pamoja na majirani zake, upande wa chini wa jani kwa karibu, na shina pale linapoingia ardhini. Chini ya picha iandikwe aina ya zao, tarehe ya kuhamisha miche, linamwagiliwa mara ngapi, na dawa iliyopigwa kama ipo. Picha ipigwe asubuhi, maana jua la saa sita linapausha rangi. Kabla ya kutuma achague HD (ubora wa juu), la sivyo picha inabanwa na utitiri hauonekani kabisa. Bandikeni kanuni hiyo juu ya grupu kwa siku 30, zikiisha mbandike tena.

Nyanya au bilinganya ikinyauka ghafla huku majani bado ni ya kijani, muulizaji afanye kipimo cha glasi. Akate kipande cha shina cha karibu na ardhi, kama sentimita 5, akining'inize kwenye glasi angavu ya maji yaliyotulia, ncha moja iguse maji. Ndani ya dakika chache zikishuka nyuzi nyeupe kama maziwa, huo ni mnyauko bakteria. Hakuna dawa ya kupiga. Ang'oe mmea pamoja na udongo wa mizizini, asiutupe kwenye mboji, na pale asipande tena nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa. Video ya sekunde 20 ya glasi hiyo ina thamani kuliko mjadala wa siku nzima, na hata mwanachama asiyeandika kamwe anaweza kuirudia kwake.

Tuta_la_Mita_Tatu

Naunga mkono, ila picha zinamhusu mwenye tatizo. Asiye na tatizo wiki hiyo naye apewe kitu cha kufanya.

Mwishoni mwa Septemba, kabla ya vuli, wekeni kura: "Mboji yako iko wapi? Bado ya moto / vuguvugu / imepoa na inanukia udongo / sina." Anayeona aibu kuandika atabonyeza. Kesho yake msimamizi awajibu wale wa "bado ya moto": wasiiweke tutani, itaunguza mizizi, waigeuze na wasubiri.

Halafu pandeni mchicha wote siku moja. Tuta la mita 1 kwa 3, mistari kila sentimita 20, mbegu ichanganywe na mchanga mkavu ili isimwagike mahali pamoja, ifunikwe udongo wa nusu sentimita tu. Picha siku ya 7, ya 14 na ya 21. Msianze na nyanya: miezi mitatu ni mingi, watu watachoka njiani. Mchicha unaliwa ndani ya wiki tatu hadi nne. Waliopata tuta tupu ndio waulizwe kwanza, kwa upole. Mara nyingi mbegu imefukiwa mno, au imesombwa na ndoo iliyomwagwa bila kopo la matundu.

Msigawe grupu kwa mazao. Watu 86 mkiwagawa mara sita mtapata kimya sita. Tengenezeni jumuiya ya WhatsApp yenye sehemu mbili tu: matangazo, wanapoandika wasimamizi peke yao, na mjadala. Salamu na viwanja vifutwe siku hiyo hiyo, na aliyetuma aelezwe faragha, si mbele za watu.

Kitalu_Ars

Nashukuruni sana. Swali la kujibiwa na watu watano bado linanisumbua. Nani ajibu?

Mnavu_Mweusi

Wawili kwa zamu ya wiki. Kazi yao si kujua kila kitu, ni kuhakikisha swali halilali bila jibu zaidi ya siku moja. Na atakayetaja dawa ataje kiambato chake, kipimo kwa bomba la lita 16 au 20 kama kibandiko kinavyosema, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Asiyevitaja vyote vitatu, jibu lake liondolewe. Mboga za majani zinavunwa kila wiki, hapo hakuna mchezo.

Shangazi_Mboji

Kuhusu wazee: kila mmoja apewe jirani mwanachama mwenye simu janja, ampigie picha na kumsomea majibu. Juu ya hapo, SMS moja kila Jumamosi, isizidi herufi 160, yenye jambo moja tu: "Wiki hii ng'oa miche ya sukuma iliyosongamana, acha sm 45 kati ya mche na mche." Mbili zikiingia pamoja, ya pili haisomwi.

Majibu mazuri yasipotelee juu ya grupu. Mtu mmoja ayanakili kila Jumapili kwenye daftari la chama, yakipangwa kwa zao, na mkutano wa mwezi ufunguliwe kwa maswali matatu yaliyotoka humo, mmea wenyewe ukiwa mezani ndani ya mfuko uliofungwa, usiambukize miche mnayogawana.

Na kabla ya kumwingiza mtu, mwombeni ridhaa. Kwenye grupu la mjadala namba yake inaonekana na wote. Kwenye matangazo ya jumuiya wanachama wenzake hawaioni, kwa hiyo asiyetaka kujianika abaki huko.