Naomba ushauri: kaka anamficha mama dawa ya maumivu

Habari zenu wapendwa. Mama yangu, miaka 63, ana saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya nne. Alimaliza mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, mwaka jana, lakini sasa imefika kwenye ini na tumerudi naye nyumbani. Muuguzi wa tiba shufaa (huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso) huja kila Jumatano. Amempa mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, kila baada ya saa nne, pamoja na dawa ya kulainisha choo.

Kabla ya hapo mama alikuwa analala ameketi, ameuma ncha ya kanga ili wajukuu wasimsikie. Juzi ameomba uji wa ulezi, akamaliza kikombe kizima. Nililia jikoni.

Shida ni kaka yangu mkubwa. Anasema mofini itamuua mama mapema, na ikiwa zamu yake anaificha chupa. Muuguzi amempigia simu kumweleza, hajakubali.

Mliouguza wazazi, ndugu kama huyu mlimwelewesha vipi bila kugombana mbele ya mgonjwa? Na mama akiuliza, "Nitapona lini, mwanangu?", nimjibu nini? Jana ameniuliza mara mbili, nikatoka kwenda kuchota maji.